Shamba Lililokandikwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba baba yetu Adamu kwa udongo, kisha akatuachia sisi wanawe udongo uliobaki ili tuulime. Hakutueleza kwa undani ulikuwa udongo wa aina gani, nami nimejizuia kudadisi. Lakini baada ya kuwa bwana shamba tangu ujana wangu mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, nimekutana na watu ambao ni wazi kwamba walitokana na udongo wa mfinyanzi: ukiwaeleza jambo halipenyi, na likishapenya halitoki. Nimekutana pia na watu wa mchanga. Hao unawaeleza asubuhi, wanaitikia kwa adabu, na kufikia adhuhuri hakuna kilichobaki. Namshukuru Mola kwa wote. Kama watu wote wangekuwa tifutifu, ofisi yetu ingefungwa.

Nawaandikia ninyi vijana mliobaki kazini, kwa kuwa siku ya kuniaga mliniomba niwaachie niliyoyaona. Habari za vyeo vyangu nimeziacha. Hazitawasaidia, na hazikunisaidia sana hata mimi. Nitawaeleza habari za mchanga.

Siku yangu ya kwanza nilipangiwa mtaa wa Kawangware, Nairobi. Nilifika na viatu nilivyovipiga rangi usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkuu wangu, Bwana Wafula, mtu wa magharibi aliyekuwa na mikono mikubwa kama sinia, alivitazama viatu vile kama mtu anayemtazama mgonjwa asiye na muda. Alifungua kabati, nikadhani atanipa vifaa vya kazi, akanipa chupa tupu ya jemu.

"Hii ndiyo maabara yako," akasema. "Ioshe."

Akanifundisha. Unatia udongo nusu chupa, unajaza maji, unafunga, unatikisa mpaka mkono uchoke, kisha unaiweka mezani na kuiacha. Mchanga hutua kwanza, kabla hata hujakaa kwenye kiti. Tope laini hufuata taratibu. Mfinyanzi hubaki umeyachafua maji mpaka kesho yake. Ukitazama unene wa kila tabaka, umeshaujua udongo wa mtu bila kumwuliza. Bwana Wafula alisema, "Udongo ukiutikisa unakuambia ukweli. Mtu ukimtikisa anakupeleka kwa chifu." Ile chupa ninayo hadi leo. Mke wangu amejaribu kuitia pilipili ya kusaga mara kadhaa.

Kawangware hakukunifundisha mengi, na nasema hivyo kwa heshima. Udongo wa kule ni mwekundu, wenye kina, unaoshika maji bila kuyang'ang'ania. Watu walipanda sukuma wiki nyuma ya choo, mahindi kando ya barabara, na vyote vikaota. Mimi nikapita nikitikisa kichwa kama daktari, nikajiona mtaalamu. Kumbe nilikuwa napongezwa kwa kazi ya udongo.

Baadaye nikahamishiwa Kibera, nikafurahi kwa kuwa ni kwetu. Nimezaliwa Makina, hapohapo Kibera, na babu yangu amezikwa karibu. Nilidhani naujua udongo wa Kibera kwa sababu nimeuvaa tangu utotoni.

Mto wetu, kwa wasioujua, huteremka kwa haraka, na unapofika kwenye kona chini ya mtaa hulegea. Maji yakilegea hutua mizigo. Kwanza hutua kokoto, kisha mchanga mnene, kisha mchanga laini, na tope jembamba huendelea na safari. Ndiyo maana kwenye kona ile kulikuwa na kipande cha mchanga mtupu, kipana kama ua wa msikiti, ambacho mto ulikuwa umekipanga tabaka juu ya tabaka. Ukikata ukingo wake kwa jembe unaona mistari: mchanga wa gharika moja, utando wa tope, mchanga tena. Katikati ya mistari utakuta pia ndara za mguu mmoja na vifuniko vya soda, kwa hiyo hakuna haja ya usomi kujua kwamba tabaka hizo si za zama za manabii.

Mchanga wa namna hii una tabia zake, nanyi mzijue kabla hamjamwahidi mtu mavuno. Ni mwepesi kulima. Hata baada ya mvua kubwa unaingia na jembe wakati jirani mwenye udongo mweusi bado anakitafuta kiatu chake. Hupata joto mapema, hivyo mbegu huamka upesi. Mizizi hupita bila kusukumana. Hizo ndizo sifa. Aibu yake ni moja tu, lakini ni kubwa: haushiki kitu. Maji ukiyamwaga yanashuka moja kwa moja kama yameitwa. Mbolea ukiitia leo, mvua ya kesho inaiosha na kuipeleka Malindi, ambako hakuna aliyeiomba. Dawa yake ni samadi nyingi, kila msimu bila kuchoka, majani ya kufunika juu, maji kidogo kidogo, na ukipata mfinyanzi kiasi wa kuchanganya nao, bora zaidi. Shemeji yangu aliwahi kuniuliza kama mchanga wa pale unafaa kutayamamu pale maji yanapokosekana. Nilimjibu kwamba sheria imetaja udongo safi, tukaachana hapo.

Katika miaka yangu ya mwisho kazini ndipo Mama Mwende alipokuja kunitafuta ofisini. Ni mama wa makamo kutoka Kitui, anauza mboga kwenye kibanda kando ya njia ya kwenda Soko la Toi, na analea wajukuu. Alikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakilima ile kona.

"Sasa mzee," akasema. "Wewe ndio wa kilimo?"

"Ndiyo mama. Habari ya shamba?"

"Habari ni mchanga. Tumepanda sukuma mara mbili. Inaota, inatuangalia, inakufa."

Nikateremka naye. Nikatikisa chupa yangu palepale. Mchanga ukatua, na maji yakabaki meupe kama hayakuguswa. Mama Mwende aliitazama chupa, akaelewa kabla sijafungua kinywa.

"Mzee, usiniambie nitafute mahali pengine," akasema. "Kitui shamba ilichukuliwa na watoto wa shemeji. Hapa Kibera nalipia hata mahali pa kusimama. Hii mchanga peke yake ndio hakuna mtu amenidai. Nikiiacha sina ingine."

Lakini haikuchukua muda akatokea wa kudai. Mutiso, mtu wa Machakos, alikuwa na mikokoteni na aliwauzia mafundi mchanga wa kujengea. Aliiona ile kona kama mwingine anavyoona sufuria ya nyama isiyo na mwenyewe. Nilikuwapo siku walipokutana.

"Mama Mwende, wewe ni Mkamba kama mimi," Mutiso akasema. "Tangu lini Mkamba akapanda sukuma kwa mchanga? Mchanga ni ya kuta."

"Na wewe tangu lini ukajua kuta? Unauzia watu mchanga na nyumba yako ni ya mabati."

"Mabati ni ya muda."

"Umekuwa wa muda tangu tulipoingia Kibera."

Wakapelekana kwa chifu. Chifu wetu ni mtu wa maneno machache na chakula kingi, na hukumu zake zote hupitia tumboni. Aliwasikiliza akiwa amefumba macho, akasema, "Mama anasema ni shamba. Mutiso anasema ni mchanga. Mimi nataka kuona kwa sahani. Mvua zikiisha, siku ya baraza, nipikiwe mboga iliyotoka hapo. Ikikosekana, Mutiso alete mikokoteni."

Mutiso alitoka akitabasamu. Mama Mwende alitoka akinitazama mimi.

Nikapanga kazi. Kule Kawangware kulikuwa na ploti inachimbwa msingi, na udongo mwekundu ulikuwa unatupwa bure. Tukausomba kwa magunia. Samadi tulipewa kwenye zizi moja lililokuwa jirani na ile ploti. Nikawaeleza akina mama wote, Mama Mwende akiwa mbele: chimbeni mitaro, changanyeni udongo mwekundu na samadi na mchanga wenyewe, nyunyizeni maji, mwache ukae, kisha ndipo tupande. Maji yawe ya bomba au ya mvua, si ya mto. Na mboga za pale ni za kupikwa tu, mtu asije akala kachumbari. Wote wakaitikia. Udongo ukafika, samadi ikafika, vikalundikwa ukingoni tayari.

Hapo mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Kumi la mwisho la Ramadhani lilifika, nami kama ada yangu nikaingia itikafu, nikawa sitoki kwenye ibada msikitini Makina. Simu nilimwachia mke wangu, ambaye haiamini simu hata ikiwa kimya. Na Mama Mwende akaitwa Kitui kumzika shangazi yake. Alipoondoka alimwambia mwenzake Mama Akoth aisimamie kazi kama tulivyopanga. Mama Akoth naye alikuwa na kazi ya kufua nguo kwa watu kila siku, akaona aheri amwombe mumewe Otieno awasaidie kuchanganya.

Otieno ni fundi, tena fundi kweli. Nusu ya nyumba za udongo upande ule amezikandika yeye. Ni mtu wa kanda ya ziwa, mcheshi, na hajui kufanya kazi nusunusu. Mkewe alimwonyesha malundo, akamwambia, "Mzee wa kilimo amesema mchanganye hizi na maji," akaenda zake kufua. Otieno akalitazama lundo la udongo mwekundu. Akatazama mchanga. Akatazama samadi ya ng'ombe. Akawaita mafundi wenzake.

Siku ya Idi, baada ya sala, niliteremka mtoni nikiwa na kanzu yangu nyeupe, moyo mwepesi, nikiwaza mitaro. Niliona kwanza mwanga. Kona nzima ilikuwa inang'aa. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa wa omena upande wa chini, na vijana walikuwa wamekaa katikati wakicheza karata. Jamaa mmoja ambaye simjui alinifuata akaniuliza kama pale panakodishwa kwa harusi.

Nikainama, nikapiga kwa kisigino cha kiatu. Ikalia ko.

Otieno alikuja mbio akiwa amefungua mikono. "Mzee, Idi njema. Umeona kazi?"

"Otieno," nikasema, "hii ni nini?"

"Ni sakafu, mzee. Tulikanyaga kwa miguu, watu sita kwa laini, kama nyumba ya mdosi mwenye pesa. Halafu tukapiga na mbao. Halafu hii ya juu nikasugua na chupa mimi mwenyewe. Angalia vile nimeinamisha kidogo upande wa mto, ndio maji isisimame. Hata mvua ya Nuhu haitatoboa hii."

"Nilisema tunatengeneza shamba."

Otieno alicheka, akidhani namtania utani wa sikukuu. Kisha akaona uso wangu. "Lakini mzee, udongo nyekundu iko. Mchanga iko. Mavi ya ng'ombe iko. Maji iko. Sasa hiyo ni nini kama si sakafu?"

Na kweli alikuwa na haki ya kuuliza. Vitu alivyopewa ni vilevile, kwa vipimo vilevile. Mkulima angevichimbia mtaro avilegeze, na fundi wa nyumba za udongo huvikanyaga avishindilie. Tofauti yote ilikuwa miguuni mwa mtu, na sisi tulikuwa tumeita miguu ya fundi. Nilikumbuka aya za subira, nikazisoma zote kimoyomoyo, maana moja haikutosha.

Mama Mwende alirudi siku iliyofuata. Alikuwa amefunga mbegu za terere, ule mchicha wa kienyeji, kwenye ncha ya leso, amepewa na ndugu zake. Alifika ukingoni akatazama. Kisha akakaa chini, palepale juu ya sakafu, miguu ameinyoosha.

"Nilienda kuzika shangazi," akasema, "nimerudi nimekuta wamezika shamba."

Mutiso habari zilimfikia haraka kuliko sote. Alikuja amevaa shati safi. "Mama Mwende, sasa hapa utapanda viti ama meza?"

Mama Mwende hakumjibu, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa sikuwahi kumwona akikosa la kumwambia Mutiso.

Tukajaribu kuivunja. Jembe liligonga likarudi juu kama limekataliwa mlangoni. Nikamwomba Otieno alete sururu. Akajikuna. "Mzee, kwa heshima, kuvunja si fani yangu. Mimi hujenga."

Mama Akoth akasema, "Otieno, utavunja hiyo kitu, ama leo utalala juu yake?"

Otieno akachukua sururu. Alipiga kuanzia asubuhi hadi mchana, jasho likimtiririka, na kila alipobandua kipande alikitazama kwa uchungu, kama mtu anayefuta maandishi yake mazuri. Kufikia adhuhuri alikuwa ametoboa tundu moja, upande wa chini karibu na mto, lenye ukubwa wa sahani. Nikaenda kuswali nikihesabu akilini sahani ngapi zimebaki.

Kisha mvua ikaja. Mliokuwapo mnaikumbuka ile mvua. Mto ulipanda, ukaingia nyumba za chini. Watu walipoteza magodoro na masufuria, nasi msikitini tulizipokea familia na kupika uji kwenye yale masufuria makubwa ya futari. Namshukuru Mungu kwamba wa mtaa wetu wote tuliwahesabu wakatimia. Kwa siku hizo hakuna aliyekumbuka terere.

Maji yalipopungua tulishuka kutazama. Mto ulikuwa umelegea kwenye kona yake kama kawaida na kutua mizigo. Sakafu ya Otieno haikuonekana. Juu yake palikuwa na mchanga mpya, laini, umetandazwa vizuri, kina chake kama kutoka kifundo cha mguu hadi chini kidogo ya goti, na juu kabisa utando mwembamba wa tope lililoanza kupasuka.

Mama Mwende alisema, "Tumerudi pale tulikuwa." Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, na mchanga ulikuwa mtupu kama ule wa kwanza.

Mutiso yeye alimshukuru Mungu kwa sauti, akisema ameletewa mzigo mpaka mlangoni. Hakungoja baraza. Alikuja na mkokoteni mmoja na beleshi, kupima kina tu, akasema. Sisi tulikuwa tumesimama pembeni: mimi na kofia yangu ya kazi yenye nembo ya kaunti, Mama Mwende, na Otieno, aliyekuwa ananikwepa tangu siku ile ya sururu. Mutiso akazamisha beleshi kwa nguvu. Likalia ngo, na mikono yake ikatetemeka mpaka mabegani.

Akasogea hatua kadhaa, akazamisha tena. Ngo.

"Kuna slabu hapa," akasema polepole.

"Iko," Otieno akajibu.

"Ya nani?"

"Mimi ndio nilimwaga."

"Najua si yako. Nani alikutuma?"

Otieno akafikiri. Ni mtu mkweli, ana mazoea ya kutafuta jibu sahihi hata asipoulizwa vizuri. Akaninyoshea kidevu. "Serikali."

Mutiso akaitazama kofia yangu. Mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi akigonga msingi ambao hamjui mwenyewe, haulizi mara ya pili. Aliliweka beleshi begani, akageuza mkokoteni, akasema alikuwa anapita tu.

Mimi sipendi uongo ulale nyumbani kwangu, hata usipokuwa wa kwangu. Jioni ileile nilimfuata Mutiso nikamweleza kila kitu: udongo wa Kawangware, samadi, itikafu, miguu ya mafundi. Alinisikiliza kwa huruma nyingi. "Mzee," akasema, "wewe ni mtu mzuri. Hata wewe hawajakuambia yote."

Hakugusa tena ile kona. Lakini kwa chifu haikutosha Mutiso asipogusa. Alikuwa amesema sahani.

Siku chache baadaye jua lilikuwa kali, na mchanga wa kando ya mto ulikuwa umekauka hadi unapeperuka. Nilipita kona ile na Mama Mwende, tukasimama kwenye shimo la kwanza la Mutiso. Chini yake palikuwa na maji. Hayakuwa mengi, ya kulowesha vidole tu, lakini yalikuwa yamekaa pale, matulivu, juu ya sakafu.

Mama Mwende alichuchumaa akayagusa. "Kwetu Kitui mto ukikauka tunachimba mchanga hivi, tunapata maji. Wazee husema yanakaa kwa sababu chini kuna mwamba."

"Na hapa mwamba ni Otieno," nikasema.

Tulitazamana. Nikaitoa chupa ya jemu, si kwa kuwa niliihitaji, bali kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kushika. Aibu ya mchanga ilikuwa kutoshika maji, na sasa chini yake kulikuwa na kitu kilichoyashika. Mizizi ingepata mchanga mwepesi, wenye joto, na chini ya mchanga ubaridi. Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba maji yakizidi mizizi itaoza kama mchele uliosahauliwa. Nikamwita Otieno.

"Uliinamisha upande wa mto?"

"Kidogo tu, mzee. Fundi hawezi acha maji isimame kwa sakafu."

"Na tundu ulilotoboa?"

"Liko huko chini kabisa, mwisho wa mteremko." Akatazama miguu yake. "Nililia nikitoboa, mzee."

Maji yakizidi yangetokea kwenye tundu lile. Nisingeweza kuupanga mfereji bora zaidi kama ningepewa mwezi na rula.

Tukasomba samadi tena, tukaichanganya na mchanga wa juu kwa mikono. Safari hii Otieno alikatazwa kuvua viatu, akasimama ukingoni akitoa ushauri. Mama Mwende akafungua ncha ya leso, akazitawanya mbegu za terere kwenye mistari, tukafunika kwa majani makavu. Niliikubali terere kwa sababu haina maringo, na kwenye mchanga wenye joto huamka haraka kuliko mboga nyingine. Mbegu ziliota. Tukangoja zitutazame na kufa, kama sukuma ilivyofanya. Zikatutazama, zikaendelea kukua.

Mvua zikaisha. Siku ya baraza chifu aliketi kwenye kiti chake, na mbele yake ikawekwa sahani: ugali, omena kidogo kwa heshima ya Mama Akoth, na terere iliyokaangwa na vitunguu. Alikula taratibu. Tulikuwa wengi pale, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya kutafuna.

Ndipo Mutiso akasimama. "Chifu, nisamehe. Hiyo terere ni tamu, lakini imetoka Toi. Kila mtu anajua mama huyu huuza mboga, na asubuhi hupitia Toi. Pale mtoni ni mchanga, na chini ya mchanga ni slabu ya wenyewe. Mboga haiwezi kuota juu ya slabu."

Watu wakanong'ona. Kusema kweli, maneno yake yalikuwa na akili. Mama Mwende alifungua kinywa, akakosa la kusema kwa mara ya pili maishani mwake.

Chifu alifuta vidole. "Twende," akasema.

Tukashuka wote, msafara mzima, chifu mbele. Alipokanyaga mchanga kiatu chake kikazama, akaendelea bila kulalamika, na mimi nikampenda kwa hilo. Terere ilikuwa imesimama kijani, mistari mitupu pale ilipokatwa na mistari iliyojaa pale isipokatwa.

"Ni za kununua, wamekuja kuzichomeka asubuhi," Mutiso akasema, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Chifu aliinama, akashika shina moja nene chini kabisa, akavuta. Mchanga huachilia kwa urahisi, hiyo nayo ni tabia yake. Mmea ulitoka mzima. Mzizi ulishuka umenyooka, mweupe, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kifundo cha mkono, kisha ukakunja. Haukukunja kidogokidogo. Ulikunja kama mtu aliyefika mlangoni akakuta umefungwa, akafuata ukuta. Sehemu iliyolala ilikuwa bapa upande wa chini, na imeshikilia vumbi jekundu la Kawangware.

Chifu aliugeuza mkononi. Akavuta mwingine. Nao ulikuwa na kiwiko. Akavuta wa tatu, Mama Mwende akasema kwa adabu, "Chifu, hizo ni za kuuza."

Chifu akamgeukia Mutiso. "Mutiso, enda Toi uniletee terere yenye kiwiko. Ukiipata, chukua mchanga."

Mutiso aliutazama mzizi. Alikuwa mtu wa mchanga maisha yake yote, na alijua anachokiona. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, akatikisa kichwa. "Mkamba amepanda mboga kwa mchanga," akasema. "Nitaeleza nini nyumbani?"

"Waeleze umeona," Mama Mwende akamwambia. Ulimi wake ulikuwa umerudi. "Na kesho ulete mkokoteni. Mchanga huu unakula samadi kama harusi."

Na akaleta. Hadi nilipostaafu, samadi ya kona ile ilibebwa na mikokoteni ya Mutiso kutoka Kawangware, kila msimu, kwa kuwa mchanga hausahau njaa hata ukiwa na sakafu. Bado anaamini slabu ni ya serikali. Otieno naye ameitwa sehemu mbili za mto akakandike mashamba, nami nimemwomba anipigie kwanza kabla hajavua viatu.

Vijana wangu, mkienda pale mtamkuta Mama Mwende. Tikiseni chupa, lakini msijisumbue kumweleza matokeo, atawaeleza yeye. Na mkipanga kazi, mwangalie mmeita miguu ya nani.

Siku ya kuniaga, mliponipa saa ya ukutani, yeye alinipa fungu la terere lisilokatwa mizizi. Mke wangu alitaka kuikata aipike. Nilimwomba aniachie mmea mmoja. Umekauka juu ya kabati, karibu na chupa ya Bwana Wafula, na kila nikiuona nasema alhamdulillahi kwa mipango yangu yote ambayo Mola hakuipitisha.

Nawe uliyefika hapa, Mungu akujalie ardhi inayoshika unachoiwekea. Na akikupa ya mchanga, akupe pamoja nayo watu watakaokukosea kwa moyo safi, na subira ya kungoja uone amekusudia nini chini yake. Amina.